Biti Mia na Kenda Bitupu

Bale balinisoma wiki ya kupita banajua tayari nafasi nilibaacha. Bale beko banafungua journal leo tu, mungoje nibapatie kwa ufupi, kiisha mutanihurumia pamoja na benzenu.

Mi ni Edouard Muteba, animateur ya mariage hapa Kolwezi. Kazi yangu ni kuchekesha batu mu feti ya benyewe. Mwaka hii ukuta ya nyumba yangu ilipasuka, pikipiki yangu iliibiwa wakati niko mu kanisa naomba Mungu aichunge, na ku chorale ya kanisa balinifukuza juu nilicheka mu maziko. Halafu furaha ikakuya: dot, ile feti ya mahari, ya mutoto yangu wa kwanza, Shekina. Nilibaacha ku Lac Nzilo, nimesimama mbele ya bateau, saa saba kamili, na bandugu yangu habaonekane.

Bateau yenyewe inaitwa Reine ya Nzilo. Etage mbili, biti ya kuikala mia moja na makumi ine, bapishi kumi na mbili, baserveur munane. Patron aliinunua wakati bageni ya mine, bale ya migodi, balikuwa banatembeaka ku maji kila dimanche, siku ya kupumzika. Bale bageni balirudia kwabo. Sasa bateau inatembezaka upepo.

Patron aliniambia: «Tata Edouard, fanyia dot ku bateau yangu. Batu baone picha mu telefone, barudie kuipenda.»

Mi mupenda sifa, nilikubali mbele amalize kusema.

Sasa musikie kosa yangu. Kolwezi yote inajua: ukiandika saa saba ku invitation, batu banasoma saa kenda. Mi mwenyewe, miaka kumi na tano na micro mu mukono, njo nilifundisha muji hii ile tabia. Lakini capitaine alinionya bateau yake haingojake mutu, na mi niliandika saa ya kweli. Saa saba. Nikaongeza «précises», maana kamili kabisa, nikapiga mistari mbili chini.

Bandugu balisoma «précises», balicheka sana, balirudia kupiga pasi.

«Capitaine,» niliomba, «ngoja hata nusu saa.»

Capitaine Kabamba iko mutu ya Kalemie. Alizoea ziwa mukubwa, ile hainaga masihara. Aliangalia saa yake.

«Tata, inapashwa tufike mbele ya giza. Taa ya mbele haiwake.»

«Bandugu yangu beko mu njia!»

«Na mi niko mu njia,» alisema, akapiga honi.

Bakwe, jamaa ya bwana ya Shekina, balikuwa banaingia tangu saa sita. Balitoka Lubumbashi, balilala ku hôtel ya pale pembeni ya maji, basingeweza kuchelewa hata kwa makusudi. Batu makumi mbili na mbili, bote na uniforme ya kijani. Siye ya kwetu tulikuwa kenda. Mu dot, batu kenda mbele ya batu makumi mbili na mbili, haiko jamaa. Ni bashahidi ya ajali.

Bateau ilikuwa imetoka kama metre mia wakati telefone ililia. Yaya yangu Tshibola, dada yangu mukubwa, shangazi ya mutoto, mutu wa maana kupita bote mu dot.

«Edouard! Bateau inaenda!»

«Naona, yaya.»

«Mi niko hapa ku ukingo! Tuko batu makumi sita! Niko na pagne mupya!»

«Ile kitenge naiona, yaya. Inawaka mpaka huku.»

«Rudisha ile kitu!»

«Haiko taxi, yaya.»

Alinitukana mu Tshiluba, muzuri sana, na nafasi ya kupumua. Kiisha réseau ikakatika.

Sasa nibaambie namna inakuwaka kutembea mu bateau ya kukosa batu, juu nilidhani nitakuwa kama mufalme.

Kwanza, unakosa kuikala. Tulikuwa batu makumi tatu na moja. Kila mutu alikuwa na biti ine na nusu. Basi unaikala hapa, unaona pale kuko muzuri zaidi, unaenda pale, unakumbuka kivuli ya kule. Bakwe balikuwa banasimama, banahama, banarudia. Hata babakubwa. Hakuna mutu alikuwa na pembeni yake mutu wa kumukataza.

Pili, serveur. Nilikohoa mara moja, batatu balikuya. Mukwe mumoja aliangusha serviette, bawili baliinama pamoja, baligongana vichwa mpaka siye bote tukasema «aï!»

Tatu, sauti. Nilikamata micro, nikasalimia namna yetu ya Kasai:

«Moyo wenu!»

Siku zote batu mia banarudisha «Eyo!» mpaka bati inatetemeka. Ile siku nilipata «eyo» mbili ao tatu, kama batu beko ku hôpital. Halafu haut-parleur ya etage ya juu, kwenye hakukuwa hata mutu mumoja, ikarudisha sauti yangu mwenyewe: wenu, wenu.

Bibi yangu Honorine alinivuta koti.

«Acha ile micro. Unatisha batoto.»

«Batoto gani? Tungekuwa na batoto ningefurahi.»

Hakucheka. Tangu asubui Honorine hakuwa anacheka, na mi nilidhani ni juu ya biti.

Mambo ya dot ilienda mbio kupita kawaida, juu hakukuwa batu ya kubisha. Musemaji yabo alikuwa Tata Kankolongo, baba mudogo ya bwana, mutu murefu, anasemaka polepole kama anapima unga. Mi njo nilisema kwa ajili yetu, na nikajijibu mwenyewe mara mbili juu ya kujaza. Pagne ilipita. Koti ya baba ilipita, ikanibana mu kwapa. Shekina na bwana yake Elisée balikuwa banaangaliana kama bateau imejaa mpaka mulango.

Kukabakia mbuzi.

Kwa bale habajue: siye batu ya Kasai tuko na mbuzi ya mugongo, mbuji wa nyima. Bwana mupya anaipatia mama ya bibi yake, juu alimubebaka mu mugongo. Mama anaikula na banamuke bengine basafi, bale habana uzinzi. Na hapo njo kuko mambo. Kama kuko uzinzi ya kificho mu ndoa ya ule mama, na anakula, tshibawu, ile laana, inamukamata. Anagonjwa, ao batoto banagonjwa, na docteur haone kitu. Dawa ni moja: kusema yote, mu wazi, mbele ya kukula.

Mi nilisoma. Niko na diplôme d'État, option commerciale, na pourcentage yangu siyo ya kuficha sana. Nilisemaka kila siku: tshibawu ni mambo ya bankambo, siye tuko mu miaka ya telefone.

Kwa kawaida ile mbuzi inaenda na siye ku nyumba. Wiki inapita, mwezi inapita. Shangazi anaita banamuke pembeni, anauliza polepole, kama kuko tatizo anaitengeneza kimya. Hakuna mukwe anaonaka mama akitafuna.

Mbuzi yetu tuliiacha nyuma ya bateau wakati ya kupanda, imefungwa na kamba, inaangalia maji bila furaha. Nilisema: «Tutakuya kuichukua tukifika.»

Chef ya bapishi akakohoa.

«Tata, ile mbuzi, usisumbuke. Inaiva.»

«Inaiva nini?»

«Mu sufuria.»

Niliangalia moshi ya jikoni.

«Nani alibaambia mupike?»

«Hakuna mutu, Tata. Tuko bapishi kumi na mbili. Samaki ilikwisha kuiva, bukari ilikwisha kusongwa, batu beko kidogo. Tulikosa kazi. Tukasema tubafanyie surprise.»

Surprise ilikuya mu sahani moja mukubwa, serveur ine banaibeba, ingine ine nyuma yabo banapiga mikono. Ilinukia muzuri, Mungu ananiona. Pilipili, vitunguu, mafuta inaimba.

Tata Kankolongo alisimama, meno yote inje.

«Oho! Kwetu tunasema baraka haikawie! Basi mama akule hapa hapa, siye tuone, tuende Lubumbashi na roho nyeupe!»

Mu feti ya batu mia na makumi ine, mama anaweza kutia nyama mu serviette, kupatia jirani, kuvunja sahani, kuita mutoto. Nani ataona? Lakini siye tulikuwa makumi tatu na moja. Capitaine alizima motere ili batu bakule muzuri. Bakwe balihama mara ya mwisho, safari hii bote pamoja, bakazunguka meza ya Honorine. Macho makumi ine na ine ya bakwe peke yake.

Banamuke ya kwetu balikuwa ine. Honorine. Shekina, lakini yeye ni mutoto wa dot, hakuli. Tante Marlène, miaka makumi munane na mbili, alikuwa analala tangu honi ya kwanza. Na Mama Florentine, marraine ya Shekina ku ubatizo, rafiki ya Honorine wa kikundi ya maombi, njo ye atakula pamoja naye.

Serveur aliweka kipande mbele ya Honorine. Ingine mbele ya Florentine.

Honorine aliangalia nyama. Hakunyosha mukono.

«Mama,» Tata Kankolongo alisema na utamu, «kula, mama.»

«Nitakula.»

Hakukula.

Nilitia masihara, njo kazi yangu: «Bakwe, munisamehe, bibi yangu anaombea chakula mpaka inapoa! Siku ingine anaombea mpaka inaoza!»

Mumoja alicheka, akaona ni yeye peke yake, akaacha.

Honorine alisimama. «Edouard, nifuate.»

Ngazi ya kupanda juu iko na hatua kumi na saba. Kila hatua nilifikiri kitu mubaya kupita ile ya mbele. Hakuli. Anaogopa kukula. Basi kuko mwanaume. Nani? Yule mwalimu? Diacre ya kanisa? Yule wa pharmacie anamupatiaka dawa na kicheko? Miaka makumi mbili na tano, na mi ninacheza micro! Kufika juu nilikuwa nimeshaachana naye, nimeshagawa na sufuria.

Kule juu kulikuwa biti makumi saba, zote zinaangalia upande moja kama zinangoja prêtre aanze misa. Hatukuikala hata ku moja.

«Ni nani?» niliuliza.

«Nani nini?»

«Mwanaume yako.»

Aliniangalia namna unaangaliaka mbuzi imeingia mu salon.

«Edouard, mi ni musafi. Ningekula ile nyama na mifupa yake. Haiko mi.» Alisogea karibu. «Ni juu yako. Ukiingizaka mwanamuke ingine mu kitanda yangu, mi sijue, nikikula, tshibawu inakamata mi. Haikamate weye. Weye utalia tu, utatafuta ingine.»

«Honorine, ile mambo ya bankambo…»

«Basi kama ni mambo ya bankambo, sema. Kama haiko kitu, kusema hakutakuuma.»

Niliangalia maji. Maji ilikuwa imelala, rangi ya chai. Kule ku ukingo nilikuwa naona pagne ya yaya yangu, ndogo kama kiberiti, inatembea kwenda, inarudia. Yeye angejua namna ya kuuliza hii maneno. Angenipiga kofi kwanza.

«Shekina iko chini,» Honorine alisema. «Kama sikuli, bakwe batarudia na dot yabo, kila mutu atasema mama yake ni malaya. Kama nakula na weye unaficha, utanizika. Chagua, animateur.»

Basomaji yangu, nilikuwa najua kusema mbele ya batu elfu. Mbele ya mutu mumoja ulimi ilikuwa kama sabuni.

«Mara moja,» nilisema. «Wakati ulienda Sandoa kuzika mama yako, ukabakia myezi tatu. Mwanamuke mumoja wa Kasaji, alikuyaka kuuzisha mihogo. Mara moja. Mu nyumba, ndiyo.»

«Mu kitanda yangu?»

«Mu kitanda yetu.»

«Yangu. Nilikuyaka nayo.»

Nilingoja kofi. Aliokota kitambaa ilianguka ku kiti moja, akaikunja ine, akaiweka tena ku kiti.

«Myezi tatu haukuweza kungoja.»

«Nisamehe, mama.»

«Njo yote?»

«Njo yote.»

«Juu ya kichwa ya Shekina?»

Hapa njo nafasi ninaungamia kwenu, juu kwake sikuungama. Kulikuwa ya pili. Mwaka ya kufuata, haikuwa mara moja, na haikuwa mwanamuke wa mihogo.

«Njo yote, Honorine.»

Tulishuka. Hatua kumi na saba. Chini, kila mutu alikuwa anaangalia sahani yake na bidii. Nilielewa: motere imezimwa, hakuna muziki, hakuna batu, na biti hazisemake. Balisikia kila neno. Hata mihogo.

Shekina alikuwa na mikono ku uso.

Nilijua imekwisha. Lakini Tata Kankolongo alisimama, akafunga koti yake batoni moja moja.

«Tata Edouard,» alisema, «tulikuwa batu tunakuangalia kama mutu wa kicheko. Leo tumeona mwanaume. Bangapi hapa bangeweza kusema ile?»

Bakwe wanaume bote baliangalia ziwa.

«Imesemwa mu wazi,» aliendelea. «Utamupatia mama kuku mweupe, utaomba musamaha ku jamaa yake, imekwisha. Mama iko musafi, ndoa imefuliwa. Mama, kula bila woga.»

Bakapiga mikono! Ndiyo, bakanipigia mikono, hata baserveur, hata bapishi balitoka kuona. Elisée alinikumbatia: «Papa, weye ni mutu.» Shekina aliondoa mikono ku uso, alikuwa anacheka na machozi. Sikuwa nimepata mikono ya namna ile tangu nianze kazi, na kila mukono ilikuwa inanichapa.

Honorine aliikala. Aliniangalia. Haikuwa jicho ya kusamehe, hapana, ile itachukua miaka. Ilikuwa jicho ya mutu anasema: muzuri, nimekuamini, naenda.

Akakamata kipande.

Florentine naye akakamata ya kwake. Jua ilikuwa inamupiga usoni, alikuwa anatoka jasho, anacheka meno bila macho. Alikuwa na njia gani? Akikataa, kila mutu atauliza juu ya nini. Aliinua nyama polepole, mafuta inatiririka ku pagne yake ya kikundi ya maombi.

Kwa sababu jina sikutaja kule juu, ilikuwa ya kwake.

Nilijiambia: Edouard, uko na diplôme. Nyama ni nyama. Ataikula, ataenda kulala, kesho ataamuka, Shekina ataolewa, na ile mambo utakufa nayo. Nyamaza dakika moja. Dakika moja tu.

Honorine alifungua kinywa.

Mi sikuamua kitu. Ninaapa, kichwa yangu ilikuwa bado inapima, ni mukono ndio ilienda. Ilipita juu ya glasi, ilimwaga sucré, ile soda tamu, ku uniforme ya kijani ya Tata Kankolongo, na ikakamata mukono ya bibi yangu, nyama bado mbali na meno kwa kidole moja.

Mikono ya bakwe ikanyamaza.

«Edouard,» Tata Kankolongo alisema, «nini tena?»

Nilikamata tu. Nilikuwa nasikia mushipa ya Honorine inapiga chini ya vidole yangu.

Ye hakunyanganya mukono yake. Aligeuza kichwa polepole, akaanza kutafuta ule mwanamuke mu bateau. Mu feti ya batu mia na makumi ine angetafuta mpaka asubui. Hapa alipita na macho juu ya Tante Marlène, mwenye alikuwa anakoroma. Akapita juu ya mutoto yake.

Macho ikasimama.

Florentine alikuwa amerudisha nyama mu sahani, na sahani alikuwa ameisukuma mbali, mpaka mwisho ya meza.

Honorine alinyosha mukono ingine, akavuta ile sahani, akairudisha mbele ya rafiki yake, muzuri, bila kelele, kama mutu anapangia mugeni.

«Yaya Florentine,» alisema, «anza weye.»